Kipa Mfupi wa Waithaka

Soksi za wavulana kumi na wawili zilizolowa tope la mtaa wetu wa Waithaka jijini Nairobi, vumbi linaloungua nyuma ya televisheni kuukuu, na mafuta ya taa kutoka jikoni kwa Mama Njoki: hiyo ndiyo harufu ya utoto wangu. Nimeishi mahali ambapo hewa yenyewe ilipuliziwa manukato kutoka darini, lakini hadi leo nikipita nyuma ya televisheni yoyote iliyowaka siku nzima, pua yangu inanirudisha kwenye lile banda la gemu la mabati kando ya duka la mboga. Sheria ya kwanza ya Mama Njoki ilikuwa viatu vibaki mlangoni. Ya pili, hakuna kuingia na sare ya shule. Ya tatu hakuitunga yeye, tuliitunga wenyewe: ukifungwa mabao unaamka. Aliyeshinda alibaki kwenye benchi na padi yake ya kuchezea mkononi, aliyeshindwa alirudi nyuma ya foleni kusimama na soksi zake mbichi.

Niseme mapema mimi ni nani, ili msomaji ajue anayemsimulia. Mimi ni mtoto wa kibarua wa mjengo aliyetoka magharibi mwa Kenya na mkoba mmoja. Nimesoma mpaka nikapata diploma ya umeme, bila mjomba wa kunishika mkono wala jina la mtu wa kutaja mlangoni. Nimefanya kazi nchi za Ghuba miaka saba, nikarudi kwa miguu yangu mwenyewe, na leo nina ukumbi wa gemu karibu na mtaa wa Jamhuri, wenye skrini kumi na mbili na viti vya ngozi vinavyozunguka. Diploma yangu imetundikwa ukutani palepale mtu anapoingia. Wengine huona haya kuyataja mambo kama haya. Mimi sioni, kwa sababu najua kila ngazi niliyoipanda. Lakini likizo moja ya Agosti, nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, nilifanya jambo ambalo skrini hizo zote kumi na mbili hazijaweza kulifunika.

Msimu huo tulikuwa tumeshikwa na wazimu wa gemu ya mpira. Tulinyoa nywele kwa kufuata wachezaji wa kwenye kasha la diski. Tuliwaiga watangazaji wake tukienda kuteka maji, tukipaza sauti kwa Kiingereza ambacho nusu yake hakikuwa na maana yoyote. Mtu akisikia kwamba diski mpya imefika River Road, kwenye maduka ya katikati ya jiji, habari hiyo ilivuka mitaa na kutufikia kabla ya jua kutua, na tungelala tukibishana ni nani amehamia timu gani. Katika kundi letu mimi nilikuwa na cheo. Waliniita Profesa. Sikuwa mchezaji bora, nakiri, lakini nilikuwa msomaji bora. Maandishi yote ya gemu yalikuwa ya Kiingereza, na kila skrini iliposimama kuuliza jambo, vichwa vyote viligeuka kunitazama.

"Profesa, hapa imeandika nini?"

"Inauliza kama unataka kubadilisha mchezaji."

"Sasa nibonyeze wapi?"

"Bonyeza duara. Si hiyo, buda! Duara!"

Rafiki yangu wa karibu alikuwa Barasa. Alihamia Waithaka mwaka huo pamoja na baba yake, fundi wa viatu, wakitokea Kangemi. Mama yake alikuwa amefariki kwa ugonjwa, na miezi michache baadaye safu ya nyumba walimokuwa wakiishi ikateketea, pamoja na sanduku la bati lililohifadhi vyeti na picha. Kitambulisho cha mama kilikuwa kimerudishwa serikalini baada ya mazishi, kama ilivyo kawaida. Hivyo haikubaki picha yake hata moja. Barasa aliniambia hayo siku moja tukichubua miwa, kwa sauti ileile ambayo angeniambia kwamba wamepoteza ndoo.

Gemu ile ilikuwa na sehemu ya kuunda mchezaji wako mwenyewe. Ungemchagulia urefu, nywele, rangi ya ngozi, kisha ukaingia kwenye uso na kuanza kusogeza: paji la uso lipanuke au lipungue, macho yakaribiane au yaachane, mashavu, pua, kidevu. Sisi wengine tuliunda majitu. Mimi nilijiunda mimi mwenyewe, mrefu kama nguzo ya stima, mwenye mkwaju wa mguu wa kushoto usiozuilika. Barasa alimuunda mama yake.

Ilimchukua takriban wiki nzima. Alikuja asubuhi kabla banda halijajaa, nami nikiwa ubavuni mwake kumsomea majina ya vitu. Wachezaji wa gemu hiyo walikuwa wanaume tu, kwa hiyo ilimbidi apunguze mabega na kuondoa ndevu, kisha atafute nywele za matuta, zilizosukwa kwa mistari, alizokuwa nazo mchezaji mmoja wa ng'ambo. Alisogeza macho mara moja kushoto, mara mbili kulia, akafumba yake mwenyewe, akayafumbua, akasogeza tena. Siku ya tano au ya sita aliacha mkono ukaanguka juu ya paja. Kwenye skrini alikuwa ametokea mtu mwenye paji pana, mashavu yaliyojaa, macho yaliyoachana kidogo na kidevu kidogo sana. "Ndiye huyo," Barasa akasema. Mgongoni mwa jezi akaandika MAMA. Akamweka golini.

Wavulana walicheka hadi Mama Njoki akaja kuchungulia na kisu cha kukatia sukuma mkononi. Mbaya zaidi, Barasa alikuwa amempa mama yake urefu mdogo kabisa uliokubaliwa na mashine. Kipa wa aina hiyo ni zawadi kwa mpinzani. Siri ya kumfunga ilienea upesi.

"Piga juu! Piga juu, mama yake hafiki!"

"Mama amefungwa tatu, aende nyumbani akapike!"

"Si umuongezee urefu tu, Barasa?" nikamwambia siku moja alipokuwa amefungwa na kurudi nyuma ya foleni kwa mara ya nne. "Ni kubonyeza tu. Nitakuonyesha."

Barasa alisimama akaweka kiganja kwenye mwimo wa mlango, mahali fulani juu kidogo ya kichwa chake. "Alikuwa anafika hapa," akasema. "Nikimuongeza si yeye."

Alifungwa siku baada ya siku na hakumuongeza. Na jambo la ajabu ni kwamba polepole kejeli zilipungua. Mtu akimfunga MAMA bao la juu alisema "pole mama" kabla ya kushangilia, ikawa desturi ya banda, hata wavulana wakubwa wakaifuata. Nilimwona uso kwa uso mara nyingi sana, kwa sababu kipa akiokoa mkwaju, mashine ilimleta karibu ili tumtazame. Nilimjua mwanamke huyo kuliko nilivyowajua shangazi zangu wa kijijini.

Wachezaji wote tuliowaunda waliishi kwenye kadi moja nyeusi ya kuhifadhia michezo, ndogo kama kiberiti, iliyochomekwa mbele ya mashine. Na kadi hiyo ilikuwa na tabia ambayo kila mtoto wa banda aliijua. Mashine ikiwashwa haikujua chochote. Aliyeiwasha alipaswa kwanza kuiambia isome kadi. Sisi tuliita kuamsha kadi. Usipoiamsha, ungecheza vizuri tu na timu za kiwandani. Hatari ilikuwa mwishoni. Ukihifadhi mchezo wako bila kuwa umeamsha kadi, mashine ilichukua ule utupu wake na kuuandika juu ya kila kilichokuwa ndani. Mwaka uliotangulia mtoto mmoja alikuwa amefanya kosa hilo, akazomewa mpaka akahamia banda la mtaa wa pili.

Katikati ya likizo Barasa alichukuliwa na baba yake kwenda Bungoma kwa nyanya yake. Asubuhi ya safari alipita kwetu akiwa na sweta iliyofungwa kiunoni. "Profesa," akaniambia, "wewe ndiye unajua kusoma. Usikubali mtu amharibu Mama." Nikamwambia aende salama, mimi nipo. Nililisema kama bosi wa kampuni.

Alhamisi ya wiki iliyofuata mvua ilinyesha tangu alfajiri na hakuna aliyekuja bandani isipokuwa mimi. Mama Njoki alinifungulia, akarudi jikoni. Nilikuwa na mashine peke yangu, jambo ambalo halikuwa limewahi kunitokea maishani, na nilikuwa na njaa ya kushinda kombe. Siku zote wenzangu waliniita Profesa kwa heshima, halafu wakanifunga matano. Niliiwasha mashine nikachomeka padi na kuingia moja kwa moja kwenye mashindano. Sikuamsha kadi. Nilikumbuka nikiwa nimefika robo fainali, nikajiambia nitaangalia mbele ya safari. Nikashinda robo, nikashinda nusu. Fainali nilishinda kwa bao la dakika za mwisho, nikaruka hadi kichwa kikagonga bati, na kwenye skrini wale watu wadogo wakainua kombe chini ya karatasi za rangi zinazomwagika. Hakuna aliyeniona.

Mashine ikauliza kama nataka kuhifadhi.

Nimewahi kusema, nikijitetea mwenyewe kitandani katika mabweni ya wafanyakazi ng'ambo, kwamba nilikuwa mtoto, kwamba taa ilikuwa ikipepesa na niliogopa stima ingepotea. Taa ilikuwa ikipepesa kweli. Lakini nilisoma. Maandishi yalikuwa meupe juu ya bluu, mistari miwili, nami niliisoma yote na kuielewa, kwa sababu kusoma ndiko kulikokuwa kazi yangu mahali pale. Ilisema vilivyomo vitafutwa na vipya vitawekwa. Kidole kilikaa juu ya kitufe. Nikafikiria wavulana wakifika kesho na kulikuta kombe langu. Nikabonyeza.

Kisha, kama mtu anayegusa jeraha kuona kama linauma, nikaenda kwenye timu ya Barasa. Golini alisimama mwanamume nisiyemjua, mrefu, mwenye uso wa kiwandani. Nikatafuta kwenye orodha juu mpaka chini, chini mpaka juu. Nikazima, nikawasha, nikaamsha kadi kwa adabu zote. Mwanamume yuleyule. Hapo ndipo akili yangu, ile niliyosifiwa kwayo, ikaanza kufanya kazi nzuri sana. Nilijua kombe langu lingefichua kwamba ni mimi. Nikaingia ndani kabisa ya mashine, mahali ambapo mimi peke yangu ningeweza kusoma njia, nikafuta kadi yote ibaki tupu. Kombe liliishi kama robo saa. Halafu nikaenda jikoni, nikamwambia Mama Njoki kwamba stima imepiga na kadi imeungua.

Wavulana walilalamika siku mbili, wakaanza upya kuunda majitu yao. Barasa alirudi Jumamosi, amekonda kidogo, akiwa ameniletea mahindi mabichi kwenye mfuko. Mama Njoki ndiye aliyemwambia, mbele yangu. Alikuwa mwanamke mkali, mwenye nyumba za kupangisha na shamba la baba mkwe, hakuwa na kawaida ya kuomba radhi kwa watoto. Siku hiyo alichuchumaa hadi macho yao yakalingana.

"Pole, mwanangu," akasema. "Ni stima yangu imekuharibia. Fundi niliambiwa nimwite kitambo, nikakawia. Ni makosa yangu."

Ningeweza kusema wakati huo. Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwao, nimeushika mfuko wa mahindi. Nilitazama soksi zangu.

Barasa hakulia. Alikaa kwenye benchi, akaniomba nimsomee tena majina ya vitu, akaanza upya. Alitafuta matuta, akapunguza mabega. Alipofika kwenye uso alikwenda haraka mwanzoni, kisha polepole, kisha akasimama. "Siyo huyu," akasema. Akafuta akaanza tena. "Siyo huyu." Nilijaribu kumsaidia, nikasema macho yalikuwa yameachana zaidi, naye akanitazama kwa hofu ambayo sikuielewa. Siku ya tatu nilianza kuielewa. Kila uso mbaya aliouunda ulikuwa unakaa juu ya ule aliokuwa nao kichwani. Alikuwa anampoteza pale pale, mbele yangu, kwa kumtafuta. Alasiri hiyo aliiweka padi chini, akavaa viatu mlangoni, na hakurudi tena kwenye banda. Shule zilipofunguliwa tulikuwa tukisalimiana tu. Kufikia mwaka uliofuata walikuwa wamehama.

Niliisingizia stima, kisha nikaisomea. Sijui kama mambo hayo mawili yana uhusiano. Mwalimu wangu chuoni alisema nina bidii isiyo ya kawaida katika somo la kuzuia hitilafu. Najua tu kwamba katika ukumbi wangu kila mashine ina kinga yake dhidi ya stima kupiga, na fundi ni mimi mwenyewe.

Mwaka huu nilikwenda River Road kutafuta mtu wa kunichapia mabango, maana tulikuwa tukingojea gemu mpya na vijana walikuwa wameshaanza kuulizia tangu asubuhi hadi jioni, wamevaa fulana za wahusika wao, wakibishana kama sisi zamani. Nilielekezwa ghorofa ya tatu ya jengo lenye ngazi za giza. Kwenye chumba cha mwisho, nyuma ya kompyuta mbili, alikaa mwanamume mwenye miwani akitengeneza picha ya marehemu kwa ajili ya kijitabu cha mazishi.

"Profesa?" akasema kabla sijafungua mdomo.

"Barasa! Niaje?"

"Poa tu. Wacha! Umenona, boss. Nilisikia uko majuu."

"Nimerudi. Niko na ukumbi wangu pale Jamhuri." Nikamweleza yote, viti, skrini, diploma, naye akatikisa kichwa kwa furaha ya kweli, akisema "si nilijua wewe utafika." Aliposema hivyo ndipo nikashindwa kuendelea kuficha. Nikamwambia kadi haikuungua. Nikamwambia niliifuta mimi.

Mkono wake uliacha kusogeza kipanya. Kwenye kompyuta yule marehemu, mzee wa watu, alibaki na jicho moja zima na jingine likiwa bado doa jeupe. Kisha akauliza swali moja tu.

"Ile maneno ya kwa skrini. Uliisoma, ama ulibonyeza tu?"

"Niliisoma."

Akatikisa kichwa polepole, akageukia kompyuta. "Unaona hii kazi yangu? Watu wananiletea picha imekunjwa, imeliwa na panya. Mimi narudisha jicho, narudisha mdomo. Siku nzima narudisha wazazi wa watu. Sasa wangu nitamtoa wapi?" Baadaye, bila kunitazama, akasema, "Wewe ulimwona sana. Unamkumbuka?"

Nilisema ndiyo kabla sijafikiri, kama ilivyo kawaida yangu.

Alikuja ukumbini kwangu Jumapili, kama tulivyopatana, baada ya ibada, akiwa na suti. Nilikuwa nimefunga mlango ili tuwe wawili tu. Mashine za leo zinaunda uso hadi vinyweleo, na unaweza kuchagua mwanamke bila kumnyang'anya mtu ndevu. Nilimweka kwenye kiti bora kabisa nikaanza kazi. Paji pana. Matuta. Mashavu. Macho nikayaachanisha, nikarudi hatua moja, nikayaachanisha tena. Kidevu kidogo. Nilifanya kazi ile kwa mikono yote miwili na kumbukumbu yote niliyo nayo, kuliko mtihani wowote niliowahi kuufanya, na mwishoni akatokea mwanamke anayepumua, anayepepesa macho, mwenye mwanga kwenye shavu. Nikampa urefu mdogo kabisa.

"Ni yeye?" nikauliza.

Barasa alisogea mbele. Alivua miwani, akaipangusa kwa tai, akaivaa. Alitazama kwa muda mrefu sana.

"Sijui," akasema.

Nami, niliyekuwa na uhakika nilipoanza, nikamtazama yule mwanamke na kugundua kwamba sikujua pia. Huenda alikuwa yeye. Huenda alikuwa shangazi yangu mmoja, au Mama Njoki alipokuwa kijana, au mtu aliyewahi kukaa mbele yangu ndani ya ndege.

"Nimfute?" nikauliza.

"La." Alisimama, akafunga vifungo vya koti. "Mwache hapo golini. Lakini mgongoni usiandike Mama."

Siku hizi hakuna haja ya kuamsha kadi. Mashine hujihifadhi zenyewe, kila dakika, mahali fulani mbali ambako hata mimi mwenye diploma siwezi kupagusa. Vijana wanaokuja kwangu hawajawahi kuisoma ile mistari miwili myeupe juu ya bluu, na mtu akiwaeleza kwamba zamani ungeweza kumpoteza mtu kwa kidole kimoja, wanacheka. Wana viti vinavyozunguka na viatu vyao miguuni. Kwenye mashine ya kumi na mbili, iliyo karibu na dirisha, yupo kipa mfupi ambaye jezi yake haina jina. Wateja wapya humpiga mipira ya juu, humfunga, kisha hugeuka kuniuliza huyo ni nani. Mimi huwajibu maswali mengine yote.